Mnataka kuvua nduaro Galu? Kaeni kwanza tuongee

Kila mwaka kusi ikianza kulegea, simu yangu huanza kuchachawa. Ni mabeste wa Nairobi, wengine wa Nakuru, mmoja yuko Eldoret. Swali ni lile lile: "Buda, hizo boti za kuvua samaki wakubwa hapo Diani ni ngapi? Tuko watu wanane, tunachanga."

Naelewa. Umeona video ya jamaa amefungwa mkanda kitini, fimbo imepinda kama upinde, na mita hamsini nyuma ya boti nduaro anaruka hewani akitikisa kichwa. Ukiwa umeketi ofisini Upper Hill na foleni ya Mombasa Road inakungoja, moyo lazima udunde. Tena umekua ukitazama vipindi kama River Monsters, kilichoanza 2009, ambapo Mwingereza Jeremy Wade alikwenda hadi Mto Congo kumsaka mbenga, yule samaki mwenye meno kama ya mamba. Ukaambiwa kuwa majitu haya yanaishi "Afrika ya mbali."

Mbali na nani? Galu iko baada tu ya Diani ukielekea Kinondo. Ukitoka Nairobi asubuhi kwa treni, jioni uko ufuoni. Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike huhitaji hata kupanga foleni ya feri pale Likoni, unakata kutoka upande wa Miritini hadi Kusini mwa Pwani moja kwa moja. Ukifika Ukunda, boda inakushusha mchangani na unalipa kwa M-Pesa. Ukisikia mtu anauza safari ya huku kama safari ya mwisho wa dunia, jua bei yake nayo itakuwa ya mwisho wa dunia.

Basi tupange. Lakini kupanga huku si bei ya boti na mafuta ya kujipaka pekee. Kuna mambo yanaendelea katika bahari hii ambayo yanakuhusu wewe mwenye kuchanga, na ukiyajua utauliza maswali tofauti.

Kwanza msimu, maana hapa ndipo wengi wanapotupa pesa. Watu hupanga likizo ya Juni kwa sababu ndipo bosi alipokubali. Juni na Julai kusi inavuma hasa, mawimbi yanasimama kama kuta, na boti nyingi huwa zimepandishwa juu zikikwanguliwa na kupakwa rangi. Atakayekutoa mlangoni siku kama hizo ama ana njaa sana ama hakupendi. Kuanzia Agosti hadi Oktoba bahari inaanza kukubali, na upande wa Shimoni huo ndio wakati wa jodari wa pezi-njano. Sulisuli, yule mwenye pezi la mgongoni lililotanda kama tanga, huja kwa wingi kaskazi ikishika, kuanzia Novemba hivi. Nduaro wa mistari humfuata, Januari hadi Machi. Kolekole, nguru na tengesi utawapata karibu na mwamba nyakati nyingi za mwaka, na nikikwambia ukweli, kwa mtu anayevua mara ya kwanza kolekole wa kilo 20 atakutoa jasho mpaka umsahau huyo nduaro.

Kwa nini wako hapa? Tazama ramani. Kati ya bara na kisiwa cha Pemba kuna mkondo ambao kina chake kinapita mita 800. Maji yanasukumwa na mikondo kutoka kusini, yanabanwa pale katikati, na vidagaa vinakusanyika. Palipo na vidagaa pana jodari, na palipo na jodari pana nduaro. Si siri mpya. Klabu ya wavuvi wa burudani ya Pemba Channel pale Shimoni imekuwako tangu miaka ya 1960. Na kabla yake, mapema 1954, Ernest Hemingway alipiga kambi Shimoni kuvua, majuma machache tu baada ya kunusurika ajali mbili za ndege Uganda. Hata kambini hakupona, maana moto wa msituni ulimchoma. Mwaka huo huo akapewa tuzo ya Nobel. Miongozo ya utalii hupenda sana kumtaja Hemingway. Haimtaji baharia aliyeshika usukani.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Jioni moja nilikuwa bandani Galu, mahali ambapo wavuvi huteremsha samaki. Boti ya wageni ikapita nje ikirudi, vibendera vinapepea, kila kimoja kikitangaza samaki aliyeshikwa siku ile na kuachiliwa. Mzee mmoja, ambaye alikuwa ametoka baharini tangu alfajiri na ana changu wanne na pweza mmoja ndani ya kapu, akauliza vile vitambaa ni vya nini. Nikamweleza. Akanyamaza, akatema mate pembeni, kisha akasema: "Mwanangu, hawa walipa pesa zote hizo wamshike nyama, kisha wamwachia? Sisi twashinda kutwa twamtafuta tumle."

Tulicheka wote. Lakini nimelifikiria neno lile mara nyingi. Mzee hakuwa mjinga wa mambo ya uhifadhi. Alikuwa anasema kwamba bahari moja inatumiwa na watu wa aina mbili, mmoja anakuja kutafuta hadithi na mwingine anatafuta chakula cha jioni, na serikali, hoteli na mitandao yote inamsikiliza yule wa hadithi.

Nitamtetea mwenye hadithi kidogo, kwa sababu hesabu iko upande wake zaidi ya tunavyodhani. Nduaro na sulisuli katika Bahari ya Hindi husimamiwa na tume ya kimataifa ya jodari, IOTC, yenye makao Victoria, Shelisheli, na Kenya ni mwanachama. Wanasayansi wa tume hiyo wamesema kwa miaka kadhaa kwamba nduaro wa mistari amevuliwa kupita kiasi na bado anaendelea kuvuliwa kupita kiasi. Azimio lao la 2018 liliweka kikomo cha tani 3,260 kwa mwaka kwa nduaro huyo katika bahari nzima, na likakataza kuweka chomboni nduaro au sulisuli mdogo wa chini ya sentimita 60. Sasa jiulize ni nani anayewamaliza. Si wewe na mabeste zako saba. Sulisuli wengi wa bahari hii huishia kwenye jarife za nchi kama Iran, India na Pakistan, na nduaro wengi kwenye jarife hizo pamoja na meli za mishipi mirefu ambazo hata hazikuwa zikimtafuta yeye. Zilikuwa zinatafuta jodari.

Kwa hiyo boti ya Galu inayomtia sulisuli alama na kumwachia inafanya jambo la maana. Wakfu wa samaki wa aina hii ulioanzishwa hapa Kenya umekuwa ukikusanya taarifa za alama hizo tangu miaka ya 1990. Bila fimbo za wageni, ujuzi huo ungetoka wapi? Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: nduaro wakubwa kabisa, wale wa kupiga picha nao, ni majike. Madume hubaki wadogo. Rekodi ya dunia ya nduaro mweusi ni kilo 707, iliyowekwa Cabo Blanco, Peru, mwaka 1953. Ukisema "tunataka mkubwa kuliko wote," unasema unataka mama mwenye mayai mamilioni. Ukimpandisha botini akafe kwa ajili ya picha ya WhatsApp, umetoa baharini kitu kisicholingana na picha.

Lakini "tunaachilia" pia imekuwa neno la kupamba tangazo. Kuna kuachilia na kuna kutupa maiti. Samaki aliyepigana saa mbili, akavutwa juu ya boti, akalazwa kwenye sakafu yenye joto watu wanane wapokezane kupiga selfi, huyo ukimrudisha majini anazama. Anayejua kazi anatumia ndoana za duara, ambazo hunasa pembeni mwa mdomo badala ya tumboni. Anamweka samaki majini ubavuni mwa boti, picha inapigwa hapo hapo, na boti inatembea polepole ili maji yapite kwenye mashavu yake mpaka apate nguvu. Wewe mwenye kulipa una haki ya kuuliza kabla: mnatumia ndoana gani? Mnapiga picha vipi? Nahodha akianza kukucheka, tafuta nahodha mwingine.

Na uliza hili pia, maana limevunja urafiki wa watu: tukishika jodari au nguru, ni wa nani? Kwenye boti nyingi samaki ni wa boti, anauzwa na kusaidia kulipa mafuta na mabaharia. Mabeste wengi wamerudi ufuoni wakitarajia kuchoma jodari mzima, wakakabidhiwa vipande viwili kwenye mfuko.

Sasa turudi kwa mzee wa changu wanne.

Mwaka 1995 serikali ilitangaza eneo la Diani hadi Chale kuwa hifadhi ya bahari. Wavuvi wa hapa wakakataa. Walikuwa wameona Kisite, kule karibu na Wasini, ambako hifadhi ya miaka ya 1970 iliwafungia maeneo waliyovua babu zao, na leo boti za watalii ndizo zinazotia nanga hapo. Kisite ni marufuku kuvua kabisa, hata wewe na fimbo yako. Ukiambiwa "tutapita hapo chapchap," kataa, kwa sababu KWS hawana chapchap. Hifadhi ya Diani na Chale ilibaki zaidi kwenye karatasi. Baadaye ukaja mfumo wa BMU, ambapo wavuvi wenyewe wa kila bandari, iwe Mwaepe, Gazi au Shimoni, wanaunda kikundi cha kusimamia bahari yao, na sheria ya uvuvi ya 2016 ikawatambua. Wengine wamefunga vipande vya bahari kwa hiari yao ili samaki wazaane. Ni kazi ngumu, ina ugomvi mwingi wa vikao, na haina vibendera.

Tatizo ni kwamba BMU inalinda mwamba na maji ya ndani, na boti ya wageni inapita juu ya maji hayo kwenda nje. Vidagaa na samaki wadogo waliokulia kwenye mikoko ya Gazi na nyasi za bahari za Galu, ambazo mzee anaambiwa asizikokotee nyavu, ni sehemu ya kile kinacholisha kolekole na tengesi unaokwenda kuwarambazia. Yeye anabeba gharama ya kutovua. Faida inapandishwa bei kwa dola huko nje ya mlango. Sisemi boti ni wezi. Nasema ukichanga pesa zako, uliza boti inatoa nini kwa BMU ya pale inapotia nanga, na mabaharia wametoka wapi. Nimeona boti ambazo nahodha, baharia na mpishi ni vijana wa Kinondo na Msambweni waliofundishwa na baba zao, wanajua kila jiwe. Nimeona pia nyingine ambapo kijana wa hapa kazi yake ni kubeba kreti la barafu kutoka gari hadi majini, basi.

Kuna na wale ambao hata kreti hawakuruhusiwa kubeba. Wapemba wamekuwa wakivuka mkondo huu kwa vizazi na vizazi, wakifuata msimu, wakipiga dago kwenye fuo za Kwale na Kilifi, na wengi wakabaki na kuzaa hapa. Ukiwauliza wavuvi wetu nani anaijua bahari kuu, watakutajia Mpemba. Ila kwa sababu hawakuwa na kitambulisho, hawakuweza kupata leseni ya uvuvi wala kusajili chombo kwa jina lao. Walivua kwa kujificha au chini ya jina la mtu mwingine, ambaye naye alichukua fungu lake. Mwaka 2023 ndipo serikali ilipowatambua kama raia wa Kenya na kuanza kuwapa vitambulisho. Fikiria: mgeni wa siku tatu anapata leseni ya uvuvi wa burudani bila shida, na mtu aliyezaliwa Kwale, mjuzi wa mkondo wa Pemba kama kiganja chake, alingoja mpaka 2023. Ukibahatika kupata nahodha Mpemba, mwache aongee. Safari yote italipwa na hadithi zake.

Kisha kuna yale makubwa yanayopangwa juu ya vichwa vya wote. Pale Shimoni Mamlaka ya Bandari ilianza kujenga bandari ya uvuvi mwaka 2022, kwa hoja kwamba samaki wa bahari kuu ya Kenya wateremshwe Kenya badala ya kupelekwa kwingine. Hoja yenyewe naikubali. Maji yetu ya kiuchumi ni zaidi ya kilomita mraba 140,000, na kwa miaka meli za mbali zimekuwa zikinunua leseni, zinavua, zinaondoka, na sisi tunakula samaki wa kopo. Lakini bandari bila vyombo vya Wakenya ni gati la kuegeshea vyombo vya wengine. Vijana wa Shimoni na Vanga wana ngalawa na mashua za injini ndogo, na jodari wa pezi-njano hafuatwi kwa ngalawa kila siku. Nani atamkopesha kijana wa Msambweni boti ya kwenda maili 40 nje? Hilo ndilo swali ningependa kusikia likiulizwa kwenye kampeni, badala ya kugawiwa jaketi za kuokolea maisha zenye picha ya mheshimiwa.

Na msidhani hizi ni siasa za mbali. Februari 2023 mataifa ya IOTC yalikutana hapa hapa Mombasa kujadili yale maboya yanayoelea ambayo meli kubwa huyatumia kuvutia jodari, na ambayo hunasa pia jodari wachanga kwa maelfu. Kura ikapigwa, ikapita: yafungwe siku 72 kila mwaka. Umoja wa Ulaya, wenye meli nyingi za aina hiyo, ukawasilisha pingamizi, na kwa kanuni za tume anayepinga hafungwi na azimio. Jodari huyo wa pezi-njano alikuwa ametajwa tangu 2015 kuwa amevuliwa kupita kiasi. Tathmini ya 2024 ikaja na picha nafuu zaidi, na wengine wakaanza kushangilia kana kwamba kesi imeisha. Mimi nangoja kidogo. Wavuvi wa Galu hawajaniambia kwamba samaki wamerudi karibu.

Haya, bado mnakuja? Njooni, tena karibuni sana. Napendelea uje wewe wa Nairobi unayeweza kuongea na baharia kwa lugha moja na kumuuliza habari za nyumbani, kuliko yule anayekuja na dola na haoni mtu ila samaki.

Mkiwa wanane, gaweni boti mbili. Boti nyingi za hapa zina viti vya kupigania samaki kimoja au viwili, na saa nane za kutazama mgongo wa mwenzako si likizo. Wawili kati yenu watatapika, hilo mkubali mapema, mle mkate mkavu na tangawizi, na bia mngoje mpaka mrudi. Bei ya siku nzima ni dola mamia, na kila boti ina yake, kwa hiyo ulizeni zaidi ya moja. Siku ya nusu ni nafuu lakini nusu yake inaishia njiani. Leseni ya uvuvi wa burudani ni ya lazima kisheria, muulize nahodha kama imo kwenye bei, na akuoneshe karatasi. Cheti cha chombo kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Baharini nacho akuoneshe. Hesabu jaketi, hakikisha redio inaita. Mwaka juzi nilitoka na chombo kimoja, jina nalihifadhi, ambacho redio yake ilikuwa pambo. Injini ilizima maili sita nje, na tuliokolewa na mashua ya wavuvi wa mshipi waliokuwa wakirudi Gazi. Walitufunga kamba wakatukokota, hawakudai hata senti. Tuliwanunulia petroli.

Mkiishiwa doo, msione haya. Kuna mpango mwingine ambao mimi binafsi naupenda zaidi. Nenda bandani siku ya bamvua, msalimie mwenyekiti wa BMU, mweleze unataka kutoka na wavuvi wa mshipi alfajiri. Utalipa kidogo, utatoka na mashua, utapewa mshipi wa mkono na kipande cha gome uzungushie. Hakuna kiti wala rili. Nguru akishika, unahisi mpaka begani, na vidole vitakatika kama hukuvaa gloves za mpira. Papa pingusi mkimpata kwa bahati mbaya, mwombe nahodha akate mshipi. Huyo amo kwenye orodha ya viumbe vilivyo karibu kabisa kutoweka duniani, ingawa nyama yake ya ng'onda bado utaiona sokoni.

Mkirudi, saidieni kuvuta chombo mchangani. Yule mzee atakuwepo chini ya banda, kapu pembeni. Atawauliza mmepata nini, na mkimwambia mmemwachilia, jiandaeni kujieleza.